Barafu ya Faustin

Mwezi uliopita tulimzika Espérance. Siku moja kabla ya mazishi mchungaji wetu, kijana aliyezaliwa hukuhuku Durban na ambaye Kiswahili chake lazima kisukumwe ndipo kiwake, alikuja jikoni kwangu na kalamu mkononi kuuliza jambo dogo la kuchapisha kwenye karatasi ya ibada: marehemu alikuwa mjane, au alikuwa ameolewa? Nilikuwa namenya viazi. Tulikuwa wanawake kadhaa mle jikoni, wote tumemjua Espérance tangu tukiwa bado na viuno, na hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja aliinuka akapunguza moto ambao haukuhitaji kupunguzwa. Mwisho nikamwambia kijana aandike "dada yetu", inatosha. Alinitazama kama mtu anayefichwa kitu, na kweli tulikuwa tunamficha, ila si kwa ubaya. Kumjibu kungetaka nimsimulie mwaka mzima, mmoja wa ile ya mwisho ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, sina mume, sina akili, nina kamera.

Jinsi nilivyofika Durban siielezi. Kila Mkongomani wa hapa ana hadithi ya njia yake, na zote zina malori yaleyale na maofisa wa mpaka walewale wenye matumbo yaleyale. Nianze na nyumba. Tuliishi South Beach, ghorofa ya tisa ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imegeuka stoo ya takataka, vyumba viwili vilivyogawanywa kwa mapazia ya vitenge mpaka vikawa sita. Ukilala ulisikia kila kitu: nani anasali, nani anakohoa, nani anagombana na mkewe kwa kunong'ona, na hakuna ugomvi mbaya kama huo. Espérance na mumewe Faustin walipewa balkoni, iliyozibwa kwa mbao na nailoni, kwa kuwa ndio waliokuwa na ndoa changa. Wageni walifikiri ni heshima, maana ukichungulia pale mbao zilipoachana unaiona bahari yote. Wenyewe walijua ni baridi tu. Faustin alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, amevaa kizibao cha kung'aa, mrefu, mwenye kicheko cha kuwafanya majirani wa chini wagonge dari kwa fagio. Kila mwenye gari kwake alikuwa "boss", hata mama wa Kizulu mwenye bakkie, pikapu iliyooza milango. Nilimpenda kama kaka, na ninaandika hivyo ili isomwe hivyo.

Mimi na Espérance tulisuka nywele pamoja kwenye saluni moja mjini, na siku za mapumziko nilishuka ufukweni na kamera yangu. Wateja wangu walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na familia za Kizulu kutoka bara, waliokuja kwa basi kuiona bahari na kurudi na maji yake kwenye chupa, hao niliwapiga wakiwa wamelowa na wanacheka na sikuwa na kazi ya kuwafundisha. Halafu kulikuwa na watu wetu, waliotaka foto ya kutuma nyumbani. Hapo kulikuwa na sheria, na kila mtu aliijua bila kuambiwa. Foto ya nyumbani haionyeshi shida. Aliyelinda mlango wa duka usiku kucha, macho mekundu, alisimama mbele ya bahari akiwa na suti ya kuazima, kidevu juu, mkono mfukoni. Nilikuwa na koti moja la bluu nililobeba kwenye mfuko kwa kazi hiyo, nadhani nusu ya wanaume wa Uvira, mji wetu, waliokuwa Durban wamelivaa, na kule kwao mama zao walifikiri koti la bluu ni sare ya nchi hii. Tulicheka sana juu ya koti hilo. Sikufikiria kwamba kwa njia hiyo tulikuwa tumewafundisha watu wa nyumbani namna ya kusoma picha zetu.

Faustin aliondoka wakati wa joto, baada ya sikukuu. Mtu mmoja pale Point, karibu na bandari, alikuwa anatafuta vijana wenye nguvu wasio na maswali, kwa meli inayokwenda kusini kabisa, kuvua samaki ambaye tuliambiwa wazungu na Wajapani wanamgombania. Hawakutaka karatasi, na kwa mtu asiye na karatasi hilo peke yake linatosha kuwa baraka. Jioni ya mwisho Espérance alipika bugali na sombe, na kwa kuwa majani ya muhogo yalikosekana, sombe yenyewe ilikuwa spinachi ya dukani iliyosagwa na karanga. Faustin alikula sahani mbili huku akisema sombe hii ni mwongo mkubwa, lakini mwongo mtamu. Espérance alimkemea asiondoke akiwa na uso wa mzaha. "Nivae uso gani sasa?" akamwuliza. Alivaa uleule, akashuka ngazi, na kila mlango alioupita aliugonga kuaga.

Habari zililetwa na Shabani katikati ya baridi. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, baharia wa muda mrefu, na sisi hatukumjua. Alifika mchana, siku ambayo saluni ilikuwa imefungwa, akiwa amebeba sanduku la samaki lililofungwa kwa blanketi la meli, na alikuwa amelipandisha ghorofa zote tisa mgongoni. Alilitua sakafuni jikoni, akauliza mke wa Faustin ni nani. Espérance alikuwa anakuna sufuria. Aliendelea kukuna, na kwa kukuna kule Shabani akamtambua. "Shemeji," akasema, "naomba ukae kwanza." Espérance akasema, "Sema tu, kaka. Mimi nasikia nikisimama."

"Mashine ya maji ya meli ilikufa," Shabani alisema. "Tukashuka na boti ndogo ya mpira, watu watatu, kwenda kisiwani kuchota maji matamu. Kule hakuna watu, dada zangu. Ni mawe meusi, ndege, na barafu iliyoteremka kutoka mlimani mpaka baharini, ukuta mrefu kuliko jengo hili. Ule ukuta ukameguka. Likainuka wimbi moja, mimi na mwenzangu likatutupa ufukweni. Faustin halikumtupa." Alisema walimtafuta mpaka nahodha akapiga honi na kutishia kuwaacha. Nahodha hakutaka kukaa, maana pale hawakuruhusiwa kuvua, na aliporudi bandarini hakutaka mtu aseme lolote. Kisha Shabani akafungua blanketi. Ndani ya sanduku, katika magazeti na chumvi, mlikuwa na pande la barafu kubwa kama begi la kusafiria. "Nilisema watu wake wataniuliza udongo," akasema. "Mtu akizikwa mbali, si huletwa udongo wa kaburi? Sasa pale udongo uko wapi? Ufukwe mzima ni barafu tu iliyotupwa na bahari. Nikaokota hii pale tulipomtafutia mwisho, nikaificha kwenye friza la samaki. Kama nimekosea mnisamehe."

Hakuwa amekosea, angalau si kwetu. Espérance alichukua beseni la kufulia, akalisuuza, wakaiweka barafu humo, na akakaa chini miguu imenyooka mbele kama wanavyokaa wanawake wa kwetu penye msiba. Ndipo kilio kikaanza. Kabla jua halijashuka nyumba ilijaa, mapazia yakafunguliwa yote, wanawake kwenye magodoro, wanaume kwenye ngazi nje, na katikati beseni. Barafu ile haikuwa ya friji. Ilikuwa ngumu na safi, na ndani yake mlikuwa na vipovu vidogo vilivyobanwa, na kila kipovu kilipofunguka kilitoa sauti, tik, tik, kidogokidogo bila kukoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Munasikia? Anaongea." Tulisikiliza, watu wazima waliobatizwa, tumeinamia beseni la kufulia. Nami nilisikiliza kwa moyo wangu wote, na kama barafu ile ingetaja jina langu ningeitika.

Aliyetuamsha ni Papa Lazare. Alikuwa shemasi wa kanisa letu na mkubwa wa watu wa Uvira hapa Durban, fundi viatu, mtu mfupi mwenye kupenda kila kitu kiwe mahali pake. "Munalilia maji," akasema mlangoni. "Mukimaliza mutayamwaga wapi?" Lakini alipoiona barafu yenyewe alivua kofia, na hakuirudisha kichwani mpaka alipotoka. Ni yeye aliyeamuru ipelekwe duka la chini, kwa Mhindi tuliyemwita Uncle, ambaye aliipokea bila kuuliza zaidi ya mara moja, akaiweka kwenye friza lake chini ya kuku. Kwa siku zile zote, kila aliyeshuka kununua mkate alitupa jicho kwenye friza, na wazee walisalimia.

Tatizo halikuwa sisi, lilikuwa Uvira. Kwa desturi yetu matanga yana mwanzo na yana mwisho, na mwisho wake uko mikononi mwa jamaa za mume. Ndio wanaoketi, wanasema imetosha, wanamvua mjane nguo nyeusi, wanamwogesha, na kuanzia hapo anaweza kusalimiana na watu kwa mkono, kucheza harusini, kuolewa au kutoolewa kama apendavyo. Wakikataa, anabaki palepale. Na Faustin hakuacha baba wala kaka, aliacha mama tu, mwanamke wa sokoni ambaye tulimfahamu kwa sauti. Papa Lazare alipompigia simu ya kwanza kumweleza, Mama hakulia. Aliuliza: "Amepotea, ao amekufa? Kama amekufa, munionyeshe." Baadaye tulisikia kwamba ameacha kula. Papa Lazare alikwenda bandarini kutafuta karatasi yoyote ya kumwonyesha, lakini meli ilikuwa imeshaondoka, na mlinzi wa lango alisema meli ya jina hilo haijawahi kufika. Shabani naye alicheka kwa uchungu, akasema jina lenyewe lilipakwa rangi juu mara mbili wakiwa njiani.

Jioni moja nikiwa nimelala na homa nyuma ya pazia, niliwasikia Papa Lazare na Espérance wakizungumza jikoni. Alikuwa anamwambia awe na subira, bado kijana, Mungu ana mipango. Espérance akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu mzima. "Papa, mimi sitafute bwana ingine," akasema. "Ninataka tu mutu aniambie imekwisha. Asubui ninaamka, nasema leo pengine atarudia. Mangaribi nasema amekufa. Kila siku ninamuzika, Papa. Nimechoka kumuzika." Nilisikia Papa Lazare akiinuka. Kisha akasema, "Barafu haifike Uvira. Lakini foto inafika." Akaja kwenye pazia langu, akakohoa, akauliza kama kamera yangu ina filamu.

Ilikuwa nayo, imebaki kidogo. Niliwaambia habari ya mwanga, nao walinisikiliza kwa heshima kama watu wanaomsikiliza daktari na hawana nia ya kumeza dawa. Barafu ni kitu kigumu kupiga. Mchana jua la Durban linaipiga kichwani, inakuwa nyeupe tupu, huwezi kuitofautisha na mfuko wa plastiki. Lakini asubuhi ya baridi jua linatoka baharini likiwa chini, dhaifu, na linapita ndani ya kitu badala ya kukigonga juu. Kwa hiyo niliwaambia: mapema, mara tu jua linapotoka, barafu mchangani karibu na maji, mimi mgongo kwa mji, uso kwa bahari. Na mtu yeyote asisimame kati ya barafu na jua. Hilo la mwisho nililirudia. Papa Lazare aliitikia kwa kichwa, akachagua siku ambayo walinzi wa usiku wangetoka kazini wote pamoja.

Walikuja wakiwa na sare zao, wakabadilishia nguo palepale mchangani, nyuma ya mataulo, wakitetemeka. Na hapo ndipo nilipoona tumeingia kwenye desturi mbili kwa wakati mmoja bila kujua zitagombana. Foto na marehemu ni desturi. Kwetu watu husimama nyuma ya jeneza kwa mpangilio, ndugu wa damu kichwani, kisha kanisa, kisha watu wa mtaa, ili nyumbani waone nani alikuwepo. Na foto ya kutuma nyumbani, kama nilivyosema, ina sheria yake. Hivyo watu walikuja mazishini wamevaa za harusi. Wanaume walikuwa na tai. Koti langu la bluu liligombewa na watu watatu. Hata Espérance, aliyekuwa na nguo nyeusi tangu siku ya kwanza, alikuwa amevaa kitenge cha ndoa yake, cha manjano, na kilemba. Nilimwuliza kwa nini. "Mama akiniona na ile nyeusi atasema tunakufa na njaa huku," akasema. "Ana shida yake ya kutosha." Sikumbishia, mimi pia nilikuwa nimepaka rangi ya mdomo, na wala sikuwa wa kuonekana.

Shabani na mlinzi mmoja waliitua barafu mchangani. Jua likatoka. Nimepiga picha nyingi tangu wakati huo, harusi, ubatizo, pasipoti zisizohesabika, sijaona tena kitu kama kile. Pande lote liliwaka kwa ndani, rangi ya bluu pale lilipokuwa nene, karibu ya maji pale lilipokuwa jembamba, na vipovu vikaonekana kimoja kimoja, na mwanga ukapita ukaanguka mchangani upande wangu. Nililia hapo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelia kwenye matanga, lakini kule nilikuwa nalia na watu. Nilinyanyua kamera, na kabla sijabonyeza Papa Lazare akapiga makofi. "Bon, kila mutu pahali pake! Famille katikati!" Wakaja wote wakasimama nyuma ya barafu, wameipa bahari mgongo, safu mbili, na kivuli chao kikaifunika. Ikawa jiwe. Niliwaomba wasogee pembeni. Papa Lazare akaniambia maiti haiachwi peke yake, mimi ni mtoto, nipige. Wakaanza kubishana nani asimame kichwani, kwa kuwa barafu haina kichwa, na mtu wa kanisa akasema upande wa bahari ndio kichwa, na mwingine akasema upande wa Uvira, na hapo wakabishana tena Uvira iko upande gani. Nilipiga. Kila nilipobonyeza nilijua nimepiga picha ya watu nadhifu nyuma ya jiwe jeusi, na filamu inakwisha. Niliwachukia wote kwa dakika zile, nikasema nitawapanga kwanza, kisha nitawafukuza, kisha nitaipiga peke yake.

Bahari haikungoja mpango wangu. Lilikuja wimbi ambalo hakuna aliyeliona kwa sababu wote walikuwa wamelipa mgongo, likawapanda mpaka magotini. Wakaruka huku na huku wakipiga kelele, tai juu, viatu mkononi, Papa Lazare akakaa chini ndani ya maji na suti yake, kofia ikaelea. Na Espérance akacheka. Ilimtoka tu, kicheko kizima, kichwa nyuma, kilemba kinaanguka, akinitazama mimi, kama mtu anayesema: unaona haya? Safu ilikuwa imepasuka, jua likapita katikati, barafu ikawaka mbele ya miguu yake. Kidole changu kilibonyeza chenyewe, na filamu ikaisha, nikaisikia ikijirudisha ndani ya kamera. Maji yaliporudi nyuma yaliichukua barafu. Iliviringika mara mbili, ikapasuka, na mapande yake yakaenda. Espérance aliacha kucheka, akakimbia ndani mpaka kiunoni na kitenge chake, akarudi na kipande kimoja cha ukubwa wa mkate. Alitembea nacho nyumbani kwenye kanga yangu. Tulipofika ghorofa ya tano kanga ilikuwa imelowa tu.

Picha ziliposafishwa tulizitandaza juu ya godoro. Zote zilikuwa kama nilivyoogopa: watu waliopendeza na jiwe. Moja tu ilionyesha barafu, na ilionyesha vizuri mno, ungeweza kuigusa, mwanga umejaa ndani yake, na huku juu yake mwanamke wa manjano anacheka. Papa Lazare alitaka ile isiende. Alisema haifai mjane kucheka. Espérance aliitazama kwa muda, akasema, "Papa, zile zingine hazionyeshe kitu. Mama alisema tumuonyeshe. Hii njo inaonyesha." Kwetu "njo" ni "ndiyo". Alikuwa na haki, nami fundi wa picha nilimwunga mkono. Zilipelekwa zote na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anarudi kwa njia ya Kigoma, pamoja na maneno ya kumweleza Mama kwa mdomo kila kitu: meli, kisiwa, ukuta, barafu ndiyo kaburi. Kama alieleza, na alieleza namna gani, sijui hadi leo.

Jibu lilikuja kwa simu. Mama alikuwa amevuka mpaka hadi Bujumbura ili apige, na tuliambiwa siku na saa. Tulikwenda watatu, Espérance, Papa Lazare na mimi, kwenye duka la simu la Mrundi mmoja mjini, katikati ya watu wanaopayuka lugha zote za dunia, na taxi nje zinapiga honi kuita abiria. Espérance alikuwa na nguo nyeusi, imepigwa pasi. Ndani ya mkoba wake, alinionyesha tulipokuwa tunangoja robot, taa ya barabarani, igeuke kijani, alikuwa na sabuni mpya na kitambaa cheupe, vya kuogea siku ile ile kama Mama akisema imetosha. Simu ilipoita aliweka kisikizi kati ya sikio lake na langu ili nisikie. Sauti ya Mama ilikuwa na nguvu, si ya mtu mwenye njaa.

"Binti yangu! Foto zimefika. Nimeziangalia sana, nimeziangalia mpaka jirani wananicheka. Ile ya watu wamesimama nyuma ya jiwe, sikuelewa jiwe ni ya nini."

"Si jiwe, Mama. Ni ile barafu. Njo kaburi ya..."

"Ngoja niseme! Ile ingine njo imeniponyesha. Nimekuona unacheka, meno yote inje, na kitenge yako ya ndoa. Nikasema, bibi hachekake kwa kaburi ya bwana yake. Haiwezekane. Na unamuangalia mutu, unamuangalia vile unamuangaliaka tu Faustin. Nikatafuta Faustin kwa foto, hapana. Nikatafuta tena. Halafu nikajicheka mwenyewe." Na kweli alicheka, nikakisikia kicheko cha mwanawe, kilekile cha kugongewa dari. "Mutu mwenye anapiga foto haonekanake! Njo yeye aliwapiga. Walikuwa wananidanganya, sijue juu ya nini, mambo ya vijana, sitauliza. Toka siku ile ninakula. Jana nimekula bugali na ndagala. Niambie tu, nisikie na masikio yangu. Njo yeye alipiga ile foto?"

Papa Lazare hakuwa anasikia, alikuwa anatutazama midomo. Espérance alinigeukia. Tulikuwa karibu sana, kichwa kwa kichwa, nikaona jinsi macho yake yalivyokwenda kwenye mkoba na kurudi. Nilitikisa kichwa, hapana, mwambie ukweli. Nilimbana mkono. Mama upande wa pili alikuwa anangoja, tukisikia pumzi yake.

"Njo yeye, Mama," Espérance akasema.

Kigelegele kilichotoka kwenye simu ile kilimfanya hata Mrundi mwenye duka ageuke. Papa Lazare akadhani matanga yameondolewa, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, na ikabidi mimi ndiye nimweleze, pale pale barabarani, huku watu wanatupita. Alikaa kwenye ukingo wa barabara kama siku ile ya maji. "Tutamupigia tena," akasema. "Tutamurekebisha polepole." Lakini wiki chache baadaye vita vikarudi kwetu, njia zikafungwa, na hakuna aliyempata. Nilimwuliza Espérance mara moja tu kwa nini. "Alikuwa ameanza kula," akasema. Alikunja nguo nyeusi akaiweka chini ya godoro, maana mwanamke ambaye mumewe yuko hai havai hiyo, na hakuna aliyemwogesha.

Mwaka uliofuata mtu mmoja alifika kutoka kule na ujumbe wa Mama: yuko mzima, vita vimempita, anaomba foto nyingine, na Faustin asiwe mvivu wa kupiga. Nilishuka ufukweni na Espérance asubuhi, wakati mwanga uko chini. Alivaa kitenge cha manjano, akasimama, akanitazama ndani ya lenzi, akacheka. Tulifanya hivyo kila mwaka mpaka Mama alipokufa, pasibaki mtu wa kusema imetosha, na kila mwaka Espérance aliuliza, kabla sijabonyeza, kama nimeona vizuri, kama Faustin angepiga hivyo. Nilimwambia ndiyo.